Krismasi na Hesabu ya Majiko

Chapati moja hukaa kwenye kikaango kama dakika mbili na nusu, ikiwa mpishi ana mkono mwepesi na moto umetulia. Wageni 20 wakila tatu tatu, hizo ni chapati 60, na chapati 60 ni dakika 150 za jiko ambalo halifanyi kazi nyingine yoyote. Hapo hakujahesabiwa kukanda, kuacha donge lilainike, kukata matonge wala kusukuma. Nyumba yenye plate mbili za gesi inakuwa imeshakabidhi nusu ya moto wake kwa chapati asubuhi nzima, na bado kuku hajaguswa, maharage hayajaiva, na mtoto ametumwa jikoni kuomba maji ya moto ya kuoga bibi.

Hesabu hii ni nadra kufanywa. Kabla ya sikukuu mama mwenye nyumba huhesabu kilo za mchele, kreti za soda, hela ya nyama, hata idadi ya sahani za kuazima kwa jirani. Majiko hahesabu. Ikifika saa tano asubuhi ya tarehe 25 Desemba, watu wanarudi kutoka kanisani na njaa zao, masufuria manne yanagombea moto mmoja, na yeye anaanza kujiona mzito. Uzito hana. Amepangiwa vyakula vya majiko matano katika nyumba yenye majiko mawili.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa anayetaka kupika Krismasi bila presha kupanda hauhusu viungo wala ufundi. Ahesabu sehemu za moto alizo nazo, pamoja na jiko la mkaa la nje na mafiga ya nyuma ya nyumba, kisha apange vyakula kwa kufuata idadi hiyo.

Tatizo lenyewe huonekana waziwazi zaidi kwenye nyumba za wazazi vijijini. Kila Desemba Wachaga walioko Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na kwingineko hupanda kwenda Kilimanjaro. Kituo cha mabasi cha Magufuli kule Mbezi Luis, Dar es Salaam, hufurika, na hata treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi, iliporudishwa baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20, ilirudishwa Desemba ya mwaka 2019, msimu wenyewe wa safari hizo. Nchini Kenya, wanaoishi Nairobi nao hutawanyika kuelekea magharibi, Ukambani na kuzunguka Mlima Kenya. Wote wanaishia mahali pamoja: kwenye jiko la wazee wawili. Jiko hilo mwaka mzima limechemsha uji, ndizi na chai. Sufuria kubwa kuliko zote hapo ni ya lita tano. Visu ni viwili, kimoja hakina mpini. Halafu ndani ya siku mbili linaombwa lilishe watu 25 kama hoteli ya stendi.

Anayesafiri na nguo mpya za watoto na katoni ya juisi angefaa kubeba pia kisu kizuri na ubao wa kukatia. Na sufuria kubwa iulizwe mapema kwa simu. Karibu kila kitongoji kuna mtu, kikundi cha akina mama au jumuiya yenye masufuria ya shughuli ya kukodisha, lakini tarehe 24 jioni yote yameshachukuliwa.

Pilau imekuwa chakula cha sikukuu kwa sababu nyingi, na mojawapo inahusu moto moja kwa moja. Ni mlo mzima katika sufuria moja. Nyama imo ndani, viungo vimo ndani, hakuna mchuzi wa kupika pembeni, na mwenzake wa karibu, kachumbari, hahitaji jiko kabisa. Mtu anayepika pilau, kachumbari na kuku wa kukaanga anatumia mioto miwili. Anayepika wali mweupe, mchuzi wa nyama, maharage, mboga za majani, viazi na chapati anatumia sita, na mezani hatashangiliwa mara tatu zaidi. Pwani walilijua hili zamani. Mpishi wa shughuli ya arusi hulisha mamia kwa sufuria moja au mbili zilizo juu ya kuni, na huonekana amekaa kwenye kibao anapiga soga wakati nyumba zenye jiko la kisasa zinakimbizana.

Siri yake ni kwamba sehemu kubwa ya pilau haipikwi wakati wa kupika pilau. Kilo tano za mchele, zinazotosha watu 30 hadi 40 kutegemea vyakula vingine, huomba kama kilo moja na nusu ya vitunguu maji. Kuvimenya, kuvikata na kuvikaanga mpaka viwe na rangi ya kahawia iliyokolea, bila kuungua, kunaweza kula zaidi ya saa moja. Hapa ndipo pilau inapopatia rangi yake, na ndipo mwenye haraka anapoharibu: anatoa vitunguu vikiwa vya njano, anapata pilau iliyopauka, halafu anatafuta wa kumlaumu. Vitunguu vya kukaanga havidhuriki kwa kulala. Vikaangwe tarehe 24, vichujwe mafuta, vifunikwe. Kitunguu saumu na tangawizi visagwe siku hiyo hiyo. Bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga vipimwe na kufungwa kwenye kikaratasi kimoja. Mchele uchambuliwe mchana kukiwa na mwanga, maana jiwe moja kwenye jino la mjomba hukumbukwa mpaka Pasaka.

Mwenye friji anaweza kwenda mbele zaidi: achemshe nyama na tangawizi na kitunguu saumu tarehe 24, aiache ipoe, aiweke kwenye friji pamoja na supu yake. Siku ya pili supu hiyo ndiyo itakayopikia mchele. Kazi iliyokuwa ya saa nne asubuhi ya Krismasi inabaki ya saa moja na nusu.

Maji nayo yana ubishi wao. Mchele mpya, uliotoka kuvunwa, hunywa maji machache kuliko mchele uliokaa ghalani, na mchele wa Kyela hautendi sawa na pishori ya Mwea au na ule wa mfuko ulioagizwa kutoka nje. Kipimo cha shangazi hakiwezi kuokoa mchele ambao shangazi hajawahi kuuona. Njia nyepesi ni kupika kikombe kimoja cha mchele huo tarehe 23, kwa chakula cha kawaida cha jioni, na kuangalia kimekunywa vikombe vingapi. Wanaopika sufuria kubwa wakumbuke pia kwamba maji hayapandi sambamba na mchele, kwa kuwa sufuria kubwa iliyofunikwa hupoteza mvuke kidogo ikilinganishwa na wingi wake.

Kisha kuna suala la mahali pa kuiweka. Kilo tano za mchele zikiiva huvimba karibu mara tatu, na ukiongeza nyama, sufuria ya lita 20 inakuwa imejaa mpaka mdomoni na haina nafasi ya kugeuzia. Ya lita 30 ndiyo inayompa mpishi raha. Lakini sufuria hiyo ikiwekwa kwenye plate ya gesi ya nyumbani, moto unapiga katikati tu. Chini unapatikana ukoko mweusi, juu mchele una kiini. Hiyo ni kazi ya kuni au mkaa, uliosambazwa, na maji yakishakauka moto wa chini upunguzwe na makaa yapaliwe juu ya mfuniko. Moto wa juu na chini, kwa nusu saa hivi, humalizia kazi bila mtu kushika mwiko. Gesi iachiwe kuku na chai.

Kuhusu gesi yenyewe, watumiaji wanaongezeka. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mkakati huo hauzuii mtungi kuisha saa nne asubuhi ya Krismasi, wakati kijana wa duka la gesi naye yuko kwao. Kwenye kola ya mtungi pamegongwa uzito wake ukiwa mtupu. Mwenye mzani wa mizigo au wa dukani apime mtungi wake wiki moja kabla, atoe uzito huo, na atajua amebakiwa na kilo ngapi. Kutikisa mtungi na kusikiliza ni ramli.

Wanaotoka pwani kwenda milimani hukutana na jambo jingine ambalo huwachanganya kila mwaka: maharage hayaivi. Lawama humwangukia muuzaji kwamba kauza maharage ya zamani, na pengine ni kweli, lakini mlima nao una mkono wake. Kwa kila mita 300 hivi za mwinuko, maji huchemka kwenye joto pungufu kwa karibu nyuzi moja ya Selsiasi. Dar es Salaam yanachemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95, na kwenye vijiji vilivyo karibu na lango la Marangu la Mlima Kilimanjaro, palipo na zaidi ya mita 1,800, hali ni hiyo hiyo. Sufuria inatokota kwa vishindo, ila joto lake ni dogo. Maharage na nyama ngumu vitachukua muda mrefu zaidi hata kuni ziongezwe vipi. Dawa ni kuloweka maharage usiku kucha na kuyaanza mapema, au kutumia sufuria ya presha, ambayo hubana mvuke na kupandisha joto la maji mpaka zaidi ya nyuzi 110. Wenye hekima huchemsha maharage tarehe 24 na kuyaunga tu siku ya pili.

Nyama ina saa yake pia. Nyumba nyingi hupenda kuchinja mbuzi alfajiri ya Krismasi na kumchoma mchana, kisha watu hutafuna mpaka mataya yanauma na kusema mbuzi alikuwa mzee. Mara nyingi umri wa mbuzi hauna kosa. Baada ya kuchinjwa, misuli ya mnyama hukakamaa ndani ya saa chache, halafu huanza kulegea pole pole kwa siku moja au zaidi, kadiri kemikali za mwilini zinavyoendelea kuivunja. Nyama iliyochinjwa saa kumi na mbili asubuhi na kuwekwa juu ya makaa saa sita mchana imeangukia katikati ya ukakamavu huo. Ndiyo maana ule utaratibu wa zamani una akili kuliko unavyoonekana: siku ya kuchinja huliwa kwanza maini, figo, utumbo na supu, na Uchagani kisusio, ile supu yenye damu. Maini hayana misuli ya kukakamaa. Nyama ya mguu na bega ikienda siku hiyo hiyo, iende kwenye mtori au mchuzi unaochemka taratibu kwa saa kadhaa. Ya kuchoma ingefaa itokane na mnyama aliyechinjwa siku moja au mbili kabla, akakaguliwa na afisa mifugo, na nyama ikahifadhiwa kwenye ubaridi.

Asiye na nafasi hiyo ana papai bichi. Utomvu wake una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho hukata protini za nyama, na wachoma mishkaki wa pwani wamekitumia miaka mingi bila kujua jina lake. Papai lisagwe kidogo tu, lipakwe saa moja au mbili kabla ya kuchoma. Likilazwa usiku kucha nyama hugeuka kama uji kwa nje.

Kuku wa kienyeji hawezi kuharakishwa. Wa kisasa huiva ndani ya dakika 40 hivi, wa kienyeji jogoo anaweza kuomba saa mbili za kuchemka, na huyo ndiye anayeshikilia jiko wakati watu wamekaa mezani wanapiga vijiko. Achemshwe jana yake. Siku ya sikukuu kazi iliyobaki ni kumkaanga au kumwingiza kwenye mchuzi wa nazi.

Cha ajabu ni kwamba zipo familia zinazohangaika na kila sufuria siku ya Krismasi, na bado kuna kitu kimoja ambacho hakijawahi kuchelewa nyumbani kwao, nacho ni mbege, pombe ya Wachaga. Ndizi mbivu huchemshwa, zikaachwa zichachuke siku kadhaa, ulezi ulioota husagwa na kupikwa, vikachanganywa, na gome la msesewe likatia ule uchungu wake. Mzee hawezi kuamka tarehe 25 akaamua kutengeneza mbege, basi huanza wiki moja kabla. Pombe imepewa ratiba kwa sababu imegoma kukimbizwa. Vitunguu na maharage vinaonekana kukubali kukimbizwa, na kwa hiyo vinaachwa mpaka dakika ya mwisho.

Nchi nyingine zimepambana na siku hiyo kwa njia zao. Marekani, kampuni ya bata mzinga ya Butterball ilifungua laini ya simu mwaka 1981 ili wapishi waliochanganyikiwa wapate mtu wa kuwaelekeza msimu wa sikukuu, na laini hiyo ingalipo. Uingereza, mwandishi wa mapishi Delia Smith alitoa kitabu cha Krismasi mwaka 1990 chenye ratiba ya saa 36 za mwisho, akionyesha nini kiingie kwenye oveni saa ngapi. Japani wamekata mzizi: tangu kampeni ya KFC ya mwaka 1974, familia nyingi huagiza kuku mapema na kwenda kumchukua. Mtu anaweza kucheka, lakini anayenunua chapati 40 kwa mama wa jirani anayezipika kila siku anafanya jambo la namna hiyo, na hajaikosea Krismasi. Asiyetaka kununua azipike tarehe 24 jioni, azifunge kwenye kitambaa safi zikiwa zimepoa, na azipashe moto wakati wa kuandaa. Nani ataonja tofauti akishachovya kwenye mchuzi?

Ikibidi ratiba, ihesabiwe kwa kurudi nyuma. Wageni wanakula saa nane mchana. Pilau ipaliwe makaa saa saba, maana yake mchele umeingia kwenye supu inayochemka saa sita na nusu, na kuni zimewashwa kabla ya saa tano na nusu, kwa kuwa lita kumi za supu hazichemki kwa kupepewa. Kuku akaangwe kuanzia saa sita. Nyanya na vitunguu vya kachumbari vikatwe saa saba, ila chumvi na ndimu vingoje mpaka chakula kinapoondoka jikoni, kwa sababu chumvi huvuta maji na kachumbari iliyokaa nusu saa huogelea. Anayekwenda misa ya mkesha usiku wa tarehe 24 anapata asubuhi nzima. Anayekwenda ibada ya saa tatu asubuhi anahitaji mtu wa kubaki na moto.

Mtu huyo ni nani? Hapa moto unaisha na yanaanza mambo ya ukoo. Wanaume huchinja na kuchoma, kazi yenye watazamaji na vinywaji, na huimaliza kwa makofi. Kumenya, kusaga, kuchota maji, kupakua na kuosha huangukia wachache, na mara nyingi huangukia mke wa mtoto wa mwisho, aliyekuja ukweni Krismasi yake ya kwanza na anajua mawifi wanatazama jinsi anavyokata kitunguu. Hakuna ratiba itakayomsaidia akiwa peke yake. Shule zimefungwa, kwa hiyo nyumba ina vijana wengi kuliko wakati wowote wa mwaka, na kijana wa kidato cha pili anaweza kuchambua mchele na kumenya kitunguu saumu bila elimu ya ziada. Majina yapangwe tarehe 23, kwa sauti, mbele ya bibi au babu. Kazi aliyotaja bibi haikataliki. Uoshaji upewe watu wake kabla chakula hakijapakuliwa, kwa sababu baada ya kula watu hupotea kwa namna ya kustaajabisha.

Kitu kimoja kisilegezwe hata kidogo, nacho ni joto la chakula kilichobaki. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, kiwekwe kwenye ubaridi usiozidi nyuzi 5, na kikipashwa moto kifike angalau nyuzi 70. Kinachosubiri wageni kibaki juu ya nyuzi 60, yaani moto wa kuunguza ulimi. Wali una hatari yake ya pekee: mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus huvumilia kuchemshwa, na wali ukiachwa vuguvugu kwa saa nyingi huamka, huzaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Baridi ya usiku Marangu inaweza kumtetemesha mtu wa Dar es Salaam, lakini haiwezi kuwa friji. Asiye na friji apike kiasi cha kuisha siku hiyo, agawie majirani mapema, na nyama, kuku na maharage yake avianze alfajiri badala ya jana yake. Majirani Waislamu walioleta sahani zao za Idi watakuwa wanangoja zinazorudi, na pilau inayotoka nyumbani saa tisa ikiwa bado na mvuke ni salama kuliko inayopelekwa saa mbili usiku.

Kiporo cha tarehe 26, siku ya kupeana zawadi, kitolewe kwenye friji kidogo kidogo, kwa kiasi kitakacholiwa, kinyunyiziwe maji ya moto, kifunikwe, na kipashwe mara moja tu mpaka kitoe mvuke hadi katikati. Mifupa ya mbuzi iliyobaki iingie kwenye sufuria ya supu saa mbili asubuhi, na safari hii jiko ni moja na haligombewi na mtu.